Kubadilisha kontroli boksi la Corolla ya zamani bila kuunguza la pili: mwongozo kamili

Malalamiko ni yaleyale. Gari limezima njiani, fundi kasema kontroli boksi (kompyuta ndogo inayoongoza injini) limeungua, limenunuliwa jingine, limefungwa, na gari bado haliwaki. Au limewaka siku nne, halafu likafa vilevile. Aliyepatwa na la kwanza alitupa hela, kwa sababu boksi lake la awali lilikuwa zima. Aliyepatwa na la pili boksi lake lilikuwa limekufa kweli, ila hakuna aliyetafuta kilichoua, kikaua na la pili.

Kazi ya kulifunga boksi lenyewe haizidi nusu saa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni vipimo.

Maelezo haya ni ya Toyota za petroli za miaka ya 1990 zilizotoka Japani zikiwa na distribyuta (kifaa kinachogawa cheche kwa plagi), hasa Corolla 100 na 110 zenye injini ya 4A-FE au 5A-FE. Starlet na Carina za wakati huo zinafuata njia hiyohiyo, tofauti kubwa ni mpangilio wa pini. Kama gari lako linatambua chipu iliyo ndani ya ufunguo, soma hatua ya 6 kabla ya kununua chochote.

## Vitu vya kuwa navyo

- Maltimita ya dijitali. Taa ya kupimia, ile ya balbu na ncha kali, iache kwenye kabati. Inavuta umeme mwingi na inaweza kuunguza transista ndani ya boksi zima.
- Soketi na spana ya 10 mm, na bisibisi ya nyota.
- Sindano mbili nyembamba za kushonea, za kupimia soketi kwa nyuma bila kutoboa waya.
- Waya mfupi wa sentimita 15 uliochunwa ncha zote mbili.
- Fyuzi mbili za ampea 15.
- Dawa ya kupuliza ya kusafishia mawasiliano ya umeme, ile inayokauka yenyewe.
- Mchoro wa pini wa injini yako hasa. Mchoro wa 4A-FE ya gari jingine unaweza kukudanganya.
- Taa ya kupimia taimingi (wakati wa cheche), ya kwako au ya kuazima.
- Betri nzima: isishuke chini ya volti 12.4 gari likiwa limezimwa. Ukipima kwa betri mbovu, vipimo vyote vitakuwa vya uongo.

Boksi mbadala halimo kwenye orodha hii makusudi. Usilinunue kabla ya kumaliza hatua ya 5.

## Hatua ya 1: Ondoa washukiwa wa bei rahisi

Weka ufunguo kwenye ON bila kupiga stata. Taa ya injini kwenye dashibodi iwake na ibaki inawaka. Ikiwaka, boksi linapata umeme na angalau sehemu ya akili yake inafanya kazi.

Isipowaka, usiseme boksi limekufa. Fungua boksi la fyuzi kwenye chumba cha injini, chomoa fyuzi iliyoandikwa EFI (ampea 15) na uipime kwa mita, kwa sababu macho hayaoni ufa mdogo. Kisha rilei ya EFI: shika kwa kidole huku mwenzako akigeuza ufunguo, usikie ikigonga. Ukiwa hapo, hakikisha balbu ya taa yenyewe haijaungua.

Halafu ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri. Kwenye injini hizi nyaya za ethi za kontroli boksi, mara nyingi za kahawia, zimefungwa kwa bolti kwenye manifoldi ya kuingizia hewa. Injini ikishushwa, au gasketi ya silinda hedi ikibadilishwa, bolti hiyo husahaulika au hufungwa juu ya rangi na kutu. Gari haliwaki, au linawaka na kumisi ovyo, na lawama inaenda kwa boksi. Fungua bolti, piga msasa pande zote mbili, kaza upya. Huko pwani, Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, chumvi ya hewa inafanya kazi hii kuwa ya lazima hata kama bolti inaonekana imekaza.

Kama stata inazunguka na gari haliwaki, pima pampu ya petroli. Kwenye kiboksi cha uchunguzi kilichoandikwa DIAGNOSIS chini ya boneti, unganisha matundu yaliyoandikwa +B na FP kwa waya mfupi, ufunguo ukiwa ON. Pampu ivume nyuma na petroli isikike ikirudi tangini. Isipovuma, tatizo liko kwenye pampu au nyaya zake.

Umefaulu hapa ikiwa: fyuzi, rilei, ethi na pampu vyote ni vizima na gari bado linasumbua.

## Hatua ya 2: Liulize boksi lenyewe

Kwenye kiboksi hichohicho unganisha TE1 na E1. Ufunguo ON, injini isiwake, gia iwe huru, mguu nje ya akselereta. Tazama taa ya injini.

Ikipepesa haraka bila kukoma, kwa mwendo mmoja, boksi halina kosa lililohifadhiwa. Ikipepesa kwa mafungu, hesabu. Mipepeso miwili, kimya cha sekunde moja na nusu, mipepeso miwili tena: hiyo ni 22. Kati ya namba moja na nyingine kuna kimya cha sekunde mbili na nusu. Namba zikiisha, taa inasubiri kama sekunde nne na nusu, inaanza upya. Andika kwenye karatasi, usitegemee kichwa.

Namba zinazowapoteza watu zaidi:

- 12 na 13: boksi haliuoni mzunguko wa injini. Angalia koili za ndani ya distribyuta na soketi yake.
- 14: boksi limetuma amri ya cheche na halijapata jibu kutoka kwenye ignaita, kifaa kinachowasha na kuzima koili ya cheche. Boksi lisipojibiwa linakata petroli, kwa hiyo gari linaonekana limekufa kabisa. Mabokisi mengi mazima yametupwa kwa sababu ya namba hii. Anza na ignaita.
- 22: sensa ya joto la maji.
- 31: sensa ya mgandamizo wa hewa ya manifoldi.
- 41: sensa ya throto, yaani mlango wa hewa unaofunguliwa na akselereta.

Namba ya sensa haina maana sensa imeharibika. Inaweza kuwa waya, soketi, au kweli boksi. Hatua ya 3 ndiyo inayotenganisha.

Kama gari lako lina soketi ya matundu 16 chini ya usukani na halina kiboksi chini ya boneti, unganisha tundu la 13 na la 4. Chunga: tundu la 16 lina umeme wa betri muda wote. Ukiligusisha na la 4 umeunganisha betri na bodi ya gari moja kwa moja.

## Hatua ya 3: Pima kwenye soketi za boksi

Boksi linakaa nyuma ya kisanduku cha dashibodi upande wa abiria, au katikati chini ya redio, kutegemea toleo la gari. Ondoa plastiki uifikie mikia ya soketi. Soketi zibaki zimechomekwa. Ingiza sindano kwa nyuma, sambamba na waya, hadi iguse chuma. Sindano mbili zisigusane. Kwenye jedwali, BATT na +B ni umeme wa betri, E1 na E2 ni ethi, VC ni volti 5 za sensa, VTA ni sensa ya throto, PIM ni ya mgandamizo, THW ni ya joto la maji.

| Pini | Hali | Inavyotakiwa |
|---|---|---|
| BATT na E1 | muda wote | volti 9 hadi 14 |
| +B na E1 | ufunguo ON | volti 9 hadi 14 |
| E1 na nguzo hasi ya betri | ufunguo ON | isizidi volti 0.1 |
| VC na E2 | ufunguo ON | volti 4.5 hadi 5.5 |
| VTA na E2 | throto imefungwa | volti 0.3 hadi 0.8 |
| VTA na E2 | throto wazi kabisa | volti 3.2 hadi 4.9 |
| PIM na E2 | ufunguo ON, injini haijawaka | volti 3.3 hadi 3.9 |
| THW na E2 | injini ya moto, nyuzi 80 | volti 0.2 hadi 1.0 |

Kipimo cha PIM ni cha usawa wa bahari. Nairobi au Arusha hewa ni nyepesi, utapata karibu volti 3 na hakuna ubaya. Usibadilishe sensa nzima kwa sababu ya mwinuko.

### VC ndiyo yenye siri

Boksi linachukua volti 12 za betri, linatengeneza volti 5 safi, na kuzisambaza kwa sensa kupitia VC. Sensa moja ikigusa ethi kwa ndani, au waya mmoja wa VC ukichunika na kugusa bodi ya gari, zile volti 5 zinaanguka. Akili ya boksi inazimika, na taa ya injini nayo haiwaki. Kwa nje huwezi kutofautisha na boksi lililoungua.

Fanya hivi. Mita ibaki kwenye VC na E2, ufunguo ON, isome sufuri au karibu na sufuri. Chomoa soketi ya sensa ya throto. Tazama mita. Bado sufuri? Chomoa ya sensa ya mgandamizo. Mara nyingi hapa ndipo namba inaporuka ghafla hadi 5.0 na taa ya dashibodi inawaka peke yake. Sensa uliyoichomoa mwisho ndiyo mwizi, na boksi lako ni zima.

Zote zikiwa nje na VC bado ni sufuri, zima ufunguo, ondoa terminali hasi ya betri, chomoa soketi za boksi, pima ukinzani kati ya waya wa VC na bodi ya gari. Ikisoma sufuri, waya umechunika mahali fulani, hasa unapopita karibu na manifoldi ya moto au kwenye tundu la ukuta wa injini. Isiposoma sufuri, na BATT, +B na E1 zote zilikuwa sawa, sasa una haki ya kulishuku boksi.

Umefaulu hapa ikiwa: umeme na ethi vinaingia sawasawa, nyaya ni nzima, na boksi halitoi kinachotakiwa.

## Hatua ya 4: Lifungue ulitazame

Ondoa terminali hasi ya betri. Gari lenye mifuko ya hewa, subiri sekunde 90 kabla ya kugusa nyaya za dashibodi. Chomoa soketi kwa kubana kufuli yake, usivute waya. Fungua nati za 10 mm, toa boksi, fungua skrubu za kifuniko. Kabla ya kugusa bodi ya ndani, shika chuma cha gari kidogo ili umeme tuli wa mwilini uondoke.

Tumia pua kwanza. Mabokisi ya umri huu yana kapasita za maji, vile vipipa vidogo, na zikivuja hutoa harufu ya samaki aliyeoza. Angalia miguu yake: ukijani, unyevu wa kahawia, au vanishi ya bodi iliyobabuka. Majimaji hayo hula njia za shaba polepole, na ndiyo maana dalili zinaanza kwa kubahatisha: asubuhi gari linawaka, mchana wa jua kali linagoma.

Kapasita zikiwa zimevuja na njia za shaba bado nzima, fundi wa elektroniki mwenye mkono mwepesi anaweza kuliponya. Ziwe za uwezo uleule wa maikrofaradi, volti zilezile au zaidi, za kuhimili nyuzi 105, na upande hasi ukae ulipokuwa. Bodi isafishwe kwa alkoholi safi kwanza. Kwa maoni yetu, boksi lako la awali lililobadilishwa kapasita ni bora kuliko la mtumba lenye umri uleule, maana na hilo kapasita zake zimezeeka vilevile.

Ukikuta transista iliyopasuka au alama nyeusi ya moto, kuna kitu nje kilivuta umeme kupita kiasi. Fuata waya wa pini iliyo jirani yake ujue ulikuwa unaenda wapi. Kutu nyeupe au mstari wa tope maana yake maji yaliingia.

## Hatua ya 5: Kamata muuaji

Hapa ndipo wengi huruka, na hapa ndipo boksi la pili linapokufa.

Vali ya sailensi, inayoshika mzunguko wa injini wakati hujakanyaga akselereta. Hii ndiyo ya kwanza kushukiwa. Maji ya rejeta yanapita ndani ya mwili wake, na sili ikichoka yanaingia kwenye koili. Kwa vali ya pini tatu, chomoa soketi upime kati ya pini ya katikati na kila ya pembeni: karibu ohmu 17 hadi 25 ikiwa baridi. Upande mmoja ukisoma chini sana, transista ya boksi jipya itaungua kama ya kwanza.

Injekta. Kwenye 4A-FE na 5A-FE kila moja isome karibu ohmu 13 hadi 14. Inayosoma chini ya 10 itoe.

Chaji. Kwa kuwa gari haliwaki, pengine utapima baada ya kufunga boksi. Basi pima katika dakika ya kwanza. Betri isome volti 13.5 hadi 14.8 injini ikizunguka. Ikipita 15, zima mara moja, regyuleta ya alteneta imekufa. Kisha geuza mita kwenye AC (volti za mkondo geu): ikizidi volti 0.5, dayodi za alteneta zinavuja.

Maji. Kagua zulia la abiria kwa kulibonyeza. Likiwa bichi, chanzo ni mpira wa kioo cha mbele, majani yaliyoziba mfereji chini ya waipa, au bomba la maji ya AC lililoziba. Usifunge boksi jipya kwenye bwawa lilelile.

Mikono ya watu. Kuchomoa terminali ya betri injini ikiwaka ili kuona kama alteneta inachaji ni desturi iliyoua mabokisi mengi: umeme wa alteneta ukikosa betri ya kuutuliza unaruka juu ghafla. Kubusti kwa kugeuza chanya na hasi kunaua kwa sekunde. Kuchomelea bodi ya gari bila kuondoa terminali na kuchomoa boksi, vilevile.

Umefaulu hapa ikiwa: unaweza kusema kwa sentensi moja ni nini kiliua boksi la kwanza. Kama ni uzee wa kapasita tu, hilo nalo ni jibu.

## Hatua ya 6: Chagua boksi linalofanana

Tazama lebo. Namba ya Toyota inaanza na 89661, kisha kistari, kisha herufi na tarakimu tano. Zile tano za mwisho zilingane zote. Mbili za kwanza kati yake zinaonyesha jamii ya gari, mfano 12 ni ya Corolla. Zinazobaki zinatofautisha injini, gia na toleo. Muuzaji atakwambia "hizi zinaingiliana." Soketi kweli zitaingia. Ila soketi kuingia haina maana pini zina kazi ileile, na la gari la gia za mkono kwenye gari la otomatiki linaweza kukuacha na gia moja tu.

Ukienda kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani (Dar es Salaam) au Kirinyaga Road (Nairobi), beba boksi la zamani mkononi, usiende na picha pekee. Chagua lililobaki na mikia ya waya kwenye soketi zake: kwa kawaida limekatwa kwenye gari zima, halijachomolewa kwenye gari lililoshindikana. Tikisa usikie kama kuna kitu kimelegea ndani. Chungulia pini zisiwe za kijani. Nusa. Dai risiti yenye siku za majaribio, na namba ya boksi iandikwe humo.

Gari lenye chipu ya ufunguo, aghalabu lile lenye taa ndogo ya usalama inayopepesa dashibodini, boksi lake limefungamana na ufunguo. Ukifunga jingine, injini itawaka sekunde moja au mbili na kuzima, au haitawaka kabisa. Nunua seti nzima kutoka gari moja, yaani boksi, kisoma chipu na ufunguo, au mpe fundi mwenye mashine ya kuhamisha taarifa za kumbukumbu ya boksi la zamani.

## Hatua ya 7: Funga

Terminali hasi ya betri ibaki nje. Puliza dawa kwenye soketi za gari, acha zikauke dakika kumi. Nyoosha pini yoyote iliyopinda kwa koleo nyembamba. Sukuma kila soketi hadi kufuli igonge. Iliyoingia nusu itafanya kazi leo na kukuangusha kwenye tuta la kesho. Kaza boksi kwenye mabano yake. Lisiachwe likining'inia kwa nyaya. Betri iunganishwe mwisho.

## Hatua ya 8: Kuwasha mara ya kwanza

Ufunguo ON, subiri. Taa ya injini iwake. Piga stata. Injini ikishika, taa izime ndani ya sekunde chache.

Usikanyage mafuta. Iache ipate moto kwenye sailensi, AC na taa zikiwa zimezimwa. Ikiwa juu kidogo mwanzoni au inapanda na kushuka, ni kawaida. Boksi la mtumba linaweza kuwa limebeba kumbukumbu za gari jingine. Ikiendelea, zima, chomoa fyuzi ya EFI kwa sekunde 10 au zaidi, rudisha, washa upya.

Injini ikishapata moto, unganisha tena TE1 na E1, piga taa ya taimingi kwenye puli: alama isome nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika kilele, kwenye sailensi. Isiposoma hivyo, legeza distribyuta uisogeze taratibu. Toa waya ule mfupi ukimaliza. Ukiusahau, taimingi inabaki imeganda, gari linakosa nguvu, na utadhani umeuziwa boksi bovu.

Endesha kilomita 20: mjini, mlimani, AC ikiwa wazi. Rudi, soma namba kama hatua ya 2.

Umefaulu ikiwa: taa inapepesa haraka kwa mwendo mmoja, sailensi imetulia kati ya mizunguko 700 na 800 kwa dakika, na gari linawaka kwa stata fupi likiwa baridi na likiwa moto.

## Hatua ya 9: Baada ya siku tatu

Gusa boksi kwa kiganja baada ya safari ndefu. Uvuguvugu ni sawa. Likiwa moto wa kukufanya uondoe mkono, kuna kitu bado kinavuta umeme. Rudi kwenye vali ya sailensi na injekta. Bonyeza zulia tena, hasa ikinyesha.

Boksi la zamani, hata kama limeungua, usimwachie fundi. Lebo yake ndiyo utakayoibeba siku nyingine ukienda dukani, na mabano na kifuniko chake huenda ndivyo vinavyokosekana kwenye hilo ulilonunua.